Ramani ya Pili

Kopo moja, kijiti kimoja, jina kwa kalamu isiyofutika.
Ndivyo nilivyowaambia darasa la nne
shule ya Nyamigunga, ng'ambo ya Malagarasi,
na darasa zima likaangua kicheko:
nani aliwahi kuombwa mavi
na mgeni aliyeshuka gari la serikali?

Asubuhi makopo yakaja.
Mengine yamefunikwa kwa jani la mgomba,
moja limefungwa kwa leso ya kanisani.
Matano, niligundua baadaye, yalikuwa na mwenyewe mmoja:
Bukuru, mwana wa mkamuaji mawese,
aliwauzia wenzake, kijiti kwa shilingi hamsini.
Sikumkaripia.
Nilikwenda kutazama choo,
matundu mawili kwa watoto mia nne,
na nyuma yake migomba imenawiri
kuliko yote kijijini.

Mayai ya safura hayangoji.
Yanang'aa kidogo chini ya darubini, ganda jembamba,
kisha gliserini huyameza.
Chelewa kwa chai, chelewa kwa simu ya wifi,
na mtoto mgonjwa ataandikwa mzima.
Basi nahesabu kwa jicho moja, sijibu salamu,
nazidisha kwa ishirini na nne kama kanuni isemavyo,
na tarakimu inapanda gari kwenda mjini.

Kigoma, ofisini, feni inazunguka bila upepo.
Gwimo wa takwimu akazimwaga shule zangu thelathini na nane
juu ya picha za setilaiti:
mvua, joto, mchanga, kimo cha ardhi.
Kompyuta ikakokotoa usiku kucha.
Kulipokucha mkoa mzima umepakwa rangi,
nyekundu kando ya ziwa, chungwa bondeni,
na pale ambapo hatukukanyaga
rangi imejaa vilevile, bila aibu.

Nikatafuta kwetu.
Kila mtu hufanya hivyo, hata mkurugenzi.
Mugombe palikuwa manjano, rangi ya uji mwepesi.
Hatari ndogo.

"Nani alifika Mugombe?"
"Hakuna. Daraja lilisombwa. Mashine imekisia kwa majirani."

Kwa majirani!
Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake,
nami kile nilikilalia.
Nilikula udongo wa kichuguu nikiwa na miaka saba,
nimeuficha kwenye pindo la sketi,
mama akidhani ni utundu.
Dada yangu Leokadia viganja vilikuwa vyeupe
kama aliyetoka kutwanga muhogo.
Kilima cha kisimani alikipanda kwa vituo vinne,
watu wakamwita mvivu.
Siku ya kujifungua, damu kidogo aliyokuwa nayo
haikuwatosha wawili.

Sikumwambia Gwimo hayo yote.
Nilisema tu, "Hapo si manjano."
Akanitazama, akabonyeza kitufe.
"Kuna ya pili. Hii huwa hatuichapi."
Rangi moja, kijivu;
panapokolea ndipo tusipopajua.
Mugombe palikuwa peusi kama chungu cha matanga.

Nilikaa mbele yake muda mrefu
kuliko nilivyokaa mbele ya ile nyekundu.
Mashine nayo, kumbe, inajua kusema sijui,
ila imefundishwa kusema chinichini,
ukurasa wa nyuma, kwa kijivu.

Jumatatu nimeomba pikipiki.
Makopo sitini, vijiti, darubini kwenye blanketi.
Pale daraja lilipokuwa nitavua viatu,
nivuke, nisimame ng'ambo kwenye mchanga mwororo
wenye unyevu na kivuli,
ule hasa ambao safura huupenda,
niukanyage peku, huku najua.

Mwalimu wa Nyamigunga kapiga simu jana.
Wale wanne wamekwenda chooni wenyewe, kila mtu na kopo lake.
Na Bukuru anasalimu.
Anauliza kama huko niendako wananunua;
bei imepanda, sasa ni mia.